Ukisikia Jina, Kohoa

Karani hakupokea shida. Alipokea maneno matatu, tena kwa mpangilio wake mwenyewe. Ungeingia dukani unatiririka jasho, puli ya chuma, lile gurudumu la mkanda, umeibeba begani kutoka stendi kama mtoto aliyezimia, ungeanza, "Karani, nimekwisha, mashine yangu imeni—" naye angeinua kidole chembamba chenye wino, hata bila kukutazama.

"Aina."

"Poshomili, Karani, lakini—"

"Jina."

Ungetaja jina la mwenye mashine.

"Kipimo."

"Mkanda."

Hapo ndipo angenyanyuka, aende kwenye sanduku lake la mbao, avute kadi moja kwa kucha mbili, na akusomee: mkanda wa mashine ile ni wa urefu gani na upana gani. Akishasoma, kadi inarudi kulala. Ukisahau kabla ya kufika mlangoni, unarudi, unaanza upya. Aina, jina, kipimo. Niliwahi kuona mwalimu mkuu mmoja akirudi mara tatu asubuhi moja, na mara ya tatu alikuwa anacheka peke yake kama mtu aliyetoka kwenye kilabu cha busaa.

Mimi ninayeandika haya nina poshomili nne, mashine za kusagia unga. Simama sokoni Masimba siku ya soko, mbili utazisikia zikinguruma bila kuuliza mtu. Shule niliiacha darasa la nne, au tuseme tuliachana kwa amani, na leo kuna wenye digrii wanaoniamkia wakivua kofia. Sijisifu, naeleza tu. Lakini katika maisha yangu yote ni mtu mmoja aliyewahi kuninyamazisha, na alifanya hivyo kwa kadi yenye ukubwa wa kiganja.

Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, hayo mwulizeni mwingine. Nilimjua kwa miaka karibu kumi, yote ya tisini, na nilimjua kuanzia kiunoni kwenda juu, maana sehemu iliyobaki ilikuwa nyuma ya kaunta.

Duka lenyewe lilikuwa mjini Kisii, kwenye mteremko. Mwenye duka alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapo hapo mjini, na kwa Ekegusii, lugha yetu, alitukana vizuri kuliko mimi. Aliuza injini za dizeli, vinu vya kusagia, mikanda, puli na machekeche, yaani zile bati zenye matundu ambazo unga hupitia ukitoka kusagwa. Fedha na kelele zilikuwa zake. Karani alikuwa na sanduku. Kila mashine iliyofungwa na mafundi wa duka lile, kuanzia Kenyenya kule chini mpaka Ekerenyo kule juu Nyamira, ilikuwa na kadi yake humo ndani, na juu ya kadi jina la mwenyewe, na chini ya jina vipimo vyote vinavyoifanya isage badala ya kulia.

Alivaa koti la khaki, na kwenye ukosi alichomeka sindano sita za unene tofauti, kama medali za vita. Hizo ndizo alizopimia matundu ya chekeche. Sindano ikipita bila kulazimishwa, tundu ni la namba hiyo. Wageni walidhani ni fundi cherehani. Mama mmoja alimletea sketi akaipokea, akasema "Aina", mama akakimbia.

Namba zote alizijua kichwani, nina hakika. Lakini hakuna aliyewahi kumsikia akitoa hata moja bila kuvuta kadi. Siku moja nilimtega. Mteja alikuwa ametoka sasa hivi na kipimo cha puli, mlango bado unatikisika, nikamwambia, "Karani, naomba kipimo hicho hicho ulichomsomea huyu."

Akanyanyuka. Akavuta kadi.

"Ai, Karani! Si umeisoma sasa hivi?"

"Nilisoma iliyokuwa sasa hivi. Wewe unataka ya sasa."

Kichwa chake alikiita jalala. Vitu vinaingia, alisema, na harufu inabaki hata vikishatoka. Na mtu huyo huyo, wapendwa, mwenye sindano sita za kupimia matundu, alivaa viatu vilivyomzidi namba mbili, akajaza karatasi kwenye ncha, kwa sababu sokoni alivikadiria kwa macho. Saa yake ya mkononi ilikosea robo saa miaka yote. Chai aliitia sukari bila kuangalia, akionja anakunja uso, anakunywa hivyo hivyo. Nilimwuliza mbona asipime. Akasema, "Sukari haina kadi."

Kadi ya kwanza sandukuni ilikuwa nyekundu, imeandikwa KAWAIDA. Humo mliandikwa vipimo vya mashine yoyote ambayo mwenyewe hana matakwa ya pekee. Sheria yake aliisema mpaka mwenye duka akaijua kama kiitikio cha kwaya: "Kadi ikinyamaza, uliza Kawaida. Kadi ikisema, Kawaida inanyamaza." Maneno hayo yalitoka dukani yakatembea mjini. Ukiagiza chai kwenye hoteli za pale chini na mhudumu akakuuliza sukari ngapi, ulijibu "Nimenyamaza," naye alijua ni vijiko viwili.

Kuna mashine nyingine kadi zake hazikuwa na namba wala hazikunyamaza. Ziliandikwa "tazama", halafu jina la mtu. Yaani chekeche la huyu ni kama la yule, ukitaka namba, nenda kwa yule. Alianza mtindo huo baada ya mwaka mmoja wa mateso, wakati aina moja ya mkanda ilipoacha kutengenezwa, akalazimika kusahihisha kadi thelathini kwa mkono. Alisahihisha ishirini na tisa. Ile moja iliyobaki, mkanda ulikatika wimbi, ile nafaka nyekundu, likiwa katikati ya kusagwa, na mwenye mashine alitoka nje mwekundu kwa unga kichwani mpaka miguuni, mbuzi wake wakamkimbia. Tangu siku hiyo Karani akasema namba inakaa mahali pamoja, wengine wote waende kuitazama pale ilipo. Mhubiri mmoja alikuja kuulizia kipimo cha mashine iliyokuwa bado kwenye kasha la mbao, haijafunguliwa. Karani akamtazama kwa huruma. "Hiyo bado haijazaliwa, Mchungaji. Mtoto wa tumboni utamwuliza namba ya kiatu?"

Msidhani hakukosea. Kulikuwa na ndugu wawili wa Kenyenya, kila mmoja na poshomili yake, ambao kwa sababu ya ua fulani wa miti walikuwa hawasemezani. Mkubwa alikuja kwa siri akasema, "Puli ya ndugu yangu inakimbia vizuri, niandikie kama yake." Karani akaandika "tazama", na jina la mdogo. Wiki chache baadaye akaja mdogo, naye kwa siri, na maneno hayo hayo. Karani akaandika. Halafu siku moja, nikiwa pale pale kwenye kaunta, mkubwa akaja kutaka puli mpya. Karani akavuta kadi ya mkubwa: tazama mdogo. Akavuta ya mdogo: tazama mkubwa. Akarudi ya mkubwa. Akaenda ya mdogo. Mara tano, naapa, midomo inacheza, shingo inakwenda huku na huku kama mtu anayetazama mpira. Mwisho akakaa chini, akamwaga chai yake kwenye ndoo ya taka.

"Hawa wanatazamana," nikasema, nikicheka.

"Mimi ndiye niliyewaacha watazamane, na hakuna aliyeshika namba."

Aliwaita wote wawili siku moja. Walisimama wamepeana migongo. Akaletewa puli kuukuu, akampa mkubwa ncha moja ya uzi na mdogo ncha ya pili, waizungushie wapime wenyewe. Hawakusemezana, lakini uzi waliushika, na ilibidi wageuke.

Sasa nije kwangu, maana bila mimi hamtamwelewa.

Nilinunua poshomili yangu ya kwanza nikiwa kijana mwenye kifua. Nilipofika kwenye chekeche, Karani akaniuliza, "Kawaida, au unamtazama mtu?" Mtu! Mimi? Nikamwambia mbele ya wateja wote, "Mimi simtazami mtu. Mimi nimejitengeneza mwenyewe. Andika namba yangu." Nikatoa namba niliyoibeba mfukoni, kwenye kipande cha pakiti ya sigara.

Namba yenyewe niliitoa Ekerenyo. Kule kulikuwa na mzee mwenye poshomili iliyosaga wimbi laini kama poda ya mtoto, na mzee huyo alikuwa na binti, na nilipokuwa nikienda kumwona binti nilijifanya nasubiri unga, nikachungulia namba kwenye chekeche. Binti nilimchukua. Namba niliichukua. Vyote viwili bila kuongea na mzee.

Karani alisoma kile kipande cha pakiti, akauliza, "Hii ya kwake ikibadilika, ya kwako itajuaje?"

"Ya kwangu haihitaji kujua," nikasema. Wateja wakapiga makofi. Akaandika.

Binti alikuwa mke wangu kwa mwaka mzima pale Masimba, lakini kwa njia ya kuhamia tu, hakuna mzee aliyekaa na mzee mwingine. Baba yake hakutuma hata salamu. Halafu ujumbe ukaja: atafika Jumapili, yeye na wazee wawili, maana Jumamosi ni Sabato yao. Watakula. Wakiridhika, wataongea habari ya ng'ombe, na nitakuwa mkwe, yaani omoko, mtu anayehesabiwa. Wasiporidhika, watarudi Ekerenyo na binti yao siku hiyo hiyo. Na watakula obokima, ugali wa wimbi lililosagwa na mashine yangu.

"Baba anamjua mtu kwa unga," mke wangu akasema.

"Atanijua vizuri sana."

Alhamisi nikasaga wimbi la majaribio. Mama jirani akalishika kwenye vidole, akauliza, "Hii ni ya kupika au ya kujengea?" Mke wangu akaweka kidogo ulimini. Nikasikia likilia kwenye meno yake. Krrr.

"Namba ya chekeche nani alikupa?"

"Nilijipa. Ni ile ya kwa baba yako."

Akaanza kucheka, akaacha katikati, akaketi. "Baba alibadilisha baada ya mavuno, maana wimbi la mwaka huu ni gumu, tundu la zamani linalipitisha likiwa chenga. Nimeambiwa hata unga wake sasa ni laini kuliko zamani."

"Akaweka namba gani?"

"Mimi nitajuaje, nami niko kwako nakula changarawe?"

Kwenda Ekerenyo kuuliza, haiwezekani. Mkwe ambaye hajapokewa hakanyagi ua ule. Zilibaki siku tatu, na moja ni Sabato. Na Karani naye alikuwa Msabato, tena wa kiti cha mbele. Ijumaa saa kumi na moja jioni sanduku lilifungwa, na halikufunguka hata kwa mkuu wa wilaya.

Niliingia dukani Ijumaa hiyo saa kumi na nusu. Watu saba kwenye foleni. Nilipofika mbele, jua lilikuwa limeshaingia dukani kwa mlango wa magharibi na kulala kwenye kaunta.

"Aina."

"Poshomili."

"Jina."

Nikafungua mdomo. Na hapo, wapendwa, nikaelewa shimo nililoingia.

Kwetu mzazi wa mke haitwi kwa jina. Ni ensoni, ile aibu ya heshima inayokaa kati ya mtu na wakwe zake. Humtaji akiwepo, humtaji asipokuwepo, na kama bado hujapokewa ndiyo kabisa. Hata hapa kwenye karatasi, miaka yote hii baadaye, mkono wangu unakataa. Na foleni yote ile ilikuwa na masikio. Neno lingefika Ekerenyo kabla yangu.

"Jina," akasema Karani.

"Ni... mzee mmoja wa Ekerenyo."

"Ekerenyo nina kadi nne, na zote ni za wazee."

"Yule mrefu."

"Kadi haina urefu wa mtu."

"Ni wa baba... baba wa nyumbani kwangu."

Mzee mmoja nyuma akasikia Kiswahili kwa sikio la Kikisii, ambako "baba" ni mama, akamwuliza jirani yake, "Mama yake ana poshomili?" Wakaanza kubishana hilo.

"Andika basi," Karani akanisukumia kalamu. Nikaishika. Nikairudisha. Wino nao una aibu.

Mwenye duka akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake, "Wewe mtu wa Masimba! Juzi ulikuwa na mdomo kama tarumbeta, leo umemeza nini?"

"Nimemeza mkwe," nikasema, na foleni ikalipuka kwa kicheko.

Kukatokea mwanamke mwenye kikapu, mtu mzima kidogo, akacheka mpaka akashika ukuta. "Karani, mimi ni wa Ekerenyo. Huyu kijana najua ni nani, na mzee anayemsema namjua."

"Haya, mama, tusaidie. Jina."

Mwanamke akafungua mdomo. Akaufunga. "Mimi nimeolewa na mtoto wake," akasema kwa sauti ndogo.

Sijawahi kusikia duka likicheka vile. Mwenye duka alishuka kitini. Watu wawili wanalijua jina, na hakuna hata mmoja anayeweza kulitoa mdomoni! Lakini mimi sikucheka tena. Jua lilikuwa limefika ukingo wa kaunta. Likishuka hapo, nyumba yangu imekwisha, nami nitabaki Masimba na chekeche.

Karani aliitazama saa yake iliyokosea. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akavuta kadi zote nne za Ekerenyo kwa pamoja, akazipanga mkononi kama mtu anayecheza karata.

"Nitasoma majina. Wewe husemi kitu. Ukisikia jina, kohoa."

Akasoma la kwanza.

Mtu akakohoa! Wote tukageuka. Alikuwa jamaa mmoja mwembamba kwenye foleni.

"Samahani, mimi nina mafua tu."

Akasoma la pili. Yule jamaa akakohoa tena, safari hii kwa nguvu, machozi yanamtoka.

"Mtoeni nje huyo, anachagua wakwe wa watu!" mwenye duka akapiga kelele.

Akasoma la tatu. Nilitaka kukohoa. Hakuna kilichotoka. Karani hakusoma la nne. Alinitazama mimi, akamtazama yule mwanamke mwenye kikapu. Sote wawili tulikuwa tumeinamisha vichwa, tunakagua sakafu ya saruji kana kwamba kuna mtu ameangusha shilingi.

"Ni hii," akasema Karani.

"Umekadiria!" nikasema. "Wewe, Karani! Umekadiria kwa macho, kama viatu vyako!"

"Nyamaza. Kipimo."

"Chekeche."

Akashusha macho kwenye kadi. Uso ukaanza kumcheza, kwanza shavu moja, halafu la pili.

"Kadi imenyamaza," akasema. "Alikuwa na namba yake ya pekee, imefutwa baada ya mavuno. Amerudi Kawaida."

Kawaida! Ile kadi nyekundu! Namba ambayo ningepewa siku ya kwanza bila jasho kama ningenyamaza tu! Nilitoka mle na chekeche jipya kwapani, foleni yote ikiniimbia "Kadi ikinyamaza, uliza Kawaida," na yule mwenye mafua akiitikia kwa kukohoa.

Jumapili mzee alikuja. Hakula kwanza. Aliomba unga mkavu, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho. Mke wangu alisimama mlangoni na vitu vyake havijafungwa wala havijafunguliwa. Mzee akafumbua macho, akawaambia wenzake, wala hakuniambia mimi, "Unga huu nimekutana nao mahali."

Halafu akanawa mikono, akala vipande viwili vikubwa, akauliza kama kwetu kuna ng'ombe mweusi mwenye doa.

Jumatatu nilikuwa Kisii duka linafunguliwa. "Karani, futa namba yangu. Andika tazama." Hakuniuliza nani. Aliandika jina lile mwenyewe, ameifunika kadi kwa kiganja, nisilione.

Miaka ikapita, mashine zikaongezeka, mbili, tatu, nne. Mara ya mwisho kumkuta Karani nyuma ya kaunta ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya tisini. Macho yalikuwa yamechoka, mwisho wa mwezi angekwenda kupumzika nyumbani. Mwenye duka alikuwa amenunua kompyuta, na binti yake aliyetoka chuoni alikuwa anahamishia kadi zote humo. Karani amekaa pembeni yake, anasoma, binti anaandika. Niliogopa kumkuta amekasirika. Wapi! Alikuwa na furaha kama mtoto aliyepewa baiskeli.

"Inauliza vile vile!" akaniambia. "Aina, jina, kipimo. Nimekuwa kompyuta miaka yote hii bila umeme!"

Chekeche langu la Masimba lilikuwa limetoboka, namba haisomeki. Nikampa yule binti maneno matatu. Akaandika. Kompyuta ikafikiri, ikatoa maandishi.

"Inakataa," binti akasema. "Inasema jibu linajitafuta lenyewe."

Karani akaanza kutikisika mabega. Akafungua sanduku la zamani, akatoa kadi mbili, akaziweka juu ya kaunta zikielekeana. Kadi yangu: chekeche, tazama, na lile jina. Kadi ya lile jina: chekeche, tazama, na jina langu mimi.

Nilikaa juu ya gunia la misumari. "Alikuja?"

"Mwezi uliopita. Anasema kuna mashine moja ya Masimba inasaga wimbi kuliko yake, anataka chekeche kama hilo."

"Lakini langu ni lake! Ni lake mwenyewe, Karani!"

"Najua." Alikuwa anafuta machozi kwa ukosi wenye sindano. "Sikumwambia. Ningemwambiaje? Alisimama hapo, mzee mzima, anasifu chekeche lake mwenyewe akidhani ni la mkwe wake!"

"Basi si ni Kawaida? Mpe binti Kawaida, tumalize."

"Kadi zimesema, zote mbili. Kadi ikisema?"

"Kawaida inanyamaza," mwenye duka akaitikia kutoka kitini.

"Wale wa Kenyenya niliwafunga kwa kosa," Karani akasema, sasa ametulia. "Nyinyi nimewafunga makusudi. Mnatumiana vifurushi vya unga miaka yote hii, mnaonjana kwa mbali, na hata siku moja hamjasimama pamoja mbele ya mashine. Mimi naondoka. Nani atawasomea?"

Akachomoa sindano moja kwenye ukosi, ya tatu kutoka kushoto, akaichomeka kwenye koti langu. "Namba haiko sandukuni. Nenda kwake, mchukue chekeche lake, mpime ninyi wawili. Mmoja ashike bati kwenye mwanga, mwingine apitishe sindano."

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipokumbuka. Nikageuka.

"Karani. Siku ile alipokuja. Alilitaja jina langu?"

"Hata kidogo. Aliniambia ni mtu mmoja wa Masimba." Alikuwa ameshainama tena karibu na binti, kidole chenye wino kwenye kioo cha kompyuta. "Ilibidi nimsomee kadi zote za Masimba. Kwa jina lako akatazama sakafu."

Sikuenda nyumbani. Nilipanda kwenda Ekerenyo moja kwa moja, sindano ukosini, nacheka peke yangu mpaka abiria wenzangu wakasogea. Poshomili ya mzee ilikuwa imezimwa, mlango umerudishwa, unga wa wimbi umekaa juu ya kizingiti mwekundu na laini. Hodi ilinishinda. Kumwita, nimwite nani?

Nikakohoa.

Ndani, mtu akakohoa.